Jinsi Tulivyomtetea Veneranda

Kampuni ilimpendelea Maua. Barazani kwetu hilo halikuwa jambo la kubishaniwa, lilikuwa jambo la kuanzia ubishi. Mtu akishaketi, akishaulizwa habari za nyumbani na akishajibu kuwa ni nzuri hata kama si nzuri, Lukumani husimamisha cherehani, hukata uzi kwa meno, kisha husema, "Lakini jamani, kampuni imempendelea Maua." Basi mchana unakuwa umefunguliwa rasmi.

Baraza lenyewe ni la duka la kaka yangu Ghalibu, hatua chache kutoka sokoni Tabora. Sisi ni watoto wa Muhanna, ambaye babu yake alitoka Omani kufuata pembe za ndovu akaishia kuuza chumvi, na tangu hapo ukoo haujapanda cheo. Mimi ni Semeni. Mwaka ninaousema, sabini na tatu, nilikuwa nimeachika mara ya pili na kurudi kukaa nyuma ya kaunta ya kaka yangu. Ukiachika mara mbili huogopi tena kusema mbele ya wanaume, maana waliloweza kukufanyia wamekwisha kukufanyia.

Lukumani, fundi cherehani, alikuwa amepanga kibaraza chetu tangu siku za Mwingereza. Siku hizo za Ujamaa watu watatu hawakuweza kukaa pamoja bila kumchagua mwenyekiti, kwa hiyo na sisi tulikuwa na Kamati ya Kutetea Sanaa ya Veneranda Jilala. Mwenyekiti Lukumani. Mweka hazina Ghalibu, kwa kuwa hazina haikuwapo na yeye ndiye aliyefaa kuilinda. Katibu mimi, kwa sababu nilisoma mpaka darasa la nane na mwandiko wangu ulisifiwa na masista wenyewe.

Veneranda alikuwa binti wa kijijini Choma, upande wa Igunga, mtoto wa mfugaji na mkulima wa pamba. Alikuja kwetu kwa shangazi yake aliyekuwa akipika huko Kipalapala kwa mapadri, na uimbaji aliujulia kwenye kwaya ya pale. Kisha bendi ya Nyuki Jazz ikamsikia, ikamnyakua. Sauti yake haikuwa kubwa. Lakini akianza kuimba, aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna, na aliyekuja dansini kumtafuta mke wa mtu alimkumbuka wake.

Alichoimba kilikuwa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, ila neno hilo hatukulitamka kwa sauti. Dar es Salaam wakubwa walikuwa wamekwisha kuuita uhuni, na Nyuki Jazz ilikuwa mali ya chama cha ushirika. Kwa hiyo kwenye matangazo waliandika "mtindo wa Asali". Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa mwanamke aliyeachwa na mwanamume. Kamati ya ushirika iliusikiliza, mwenyekiti wao akafuta machozi, akapiga chafya kidogo, kisha akasema wimbo ni mzuri lakini haugusi kilimo. Jina la mwanamume likatolewa, likawekwa jembe. Wimbo ukaitwa "Jembe Umeniacha".

*Jembe umeniacha, na mvua ndiyo hii,
shamba nitalilima kwa kucha za mikono.*

Nakuapia, hakuna aliyewahi kulilia chombo cha kilimo namna ile. Wanaume walisema ni wimbo mzuri wa siasa. Sisi tulioachika tulijua kwamba lile jembe lilikuwa na masharubu.

Maua yeye alikuwa mtoto wa mtaa wa Cheyo, hapo hapo mjini, mweupe, mwenye mwanya, mjuzi wa kiuno. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini maneno yake yalikuwa na wembe. Aliimba na bendi hiyo hiyo wimbo wa kuwasema wambea:

*Nyumba kumi umeingia, ya kwako hujafagia,
zunguka mwanakwetu, utamaliza soli.*

Watu wa kampuni ya santuri ya Ndege Tatu, ya Nairobi, walikuja Mwanza na mitambo yao, wakairekodi Nyuki Jazz. Ikatoka santuri moja. Upande wa kwanza "Utamaliza Soli". Upande wa pili "Jembe Umeniacha". Kwenye jalada, Maua na mwanya wake. Wa Veneranda haukuonekana hata unywele. Hapo ndipo kamati yetu ilipozaliwa, na kama ingeishia kwenye kulalamika kama kamati nyingine, nisingekuwa na la kusimulia.

Ndege Tatu ilikuwa na kipindi chake cha salamu kila Jumamosi alasiri, na Tabora kilisikika vizuri kukiwa hakuna mawingu. Ulinunua kadi kwa Ghalibu, ukaandika wimbo unaoutaka, ukawataja unaowasalimu, ukaipeleka posta. Jumamosi moja ya mwezi wa pili tumeizunguka redio, mtangazaji akasoma:

"Abasi fundi baiskeli wa Tabora anaomba 'Utamaliza Soli' wake Maua. Anamsalimu Lukumani fundi cherehani pamoja na baraza zima la Ghalibu, na anasema ujumbe uwafikie waliokusudiwa."

Wimbo ulipoisha, soko lote lilikuwa linacheka. Muuza ndizi mmoja alikuja mpaka dukani kututazama usoni.

Hapa yabidi nieleze kitu. Karakana ya Abasi iko ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi. Abasi ni Mzaramo. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akaugua miguu Tabora, wenzake wakaendelea Ujiji naye akabaki akaoa. Lukumani ni Mnyamwezi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu walipobeba mizigo pamoja katika njia ile, na mtani akikutupia neno hukasiriki, lakini pia hulali nalo. Usipolirudisha umekiri. Tena hurudishi neno jingine. Unarudisha lile lile alilokurushia, ukiwa umelinoa.

"Katibu," Lukumani akasema, "andika kadi."

Niliandika. "Lukumani anamsalimu Abasi, fundi wa kuziba pancha za watu huku ya mdomo wake inavuja. Anamtumia 'Utamaliza Soli'." Ilisomwa Jumamosi iliyofuata, na safari hii soko lilicheka kuelekea upande wa pili wa barabara. Sijui kama umewahi kusikia maneno yako mwenyewe yakitoka redioni na mji mzima ukayacheka. Ni ulevi. Pombe ina afadhali, maana huisha asubuhi.

Abasi alijibu mara mbili, kisha akanyamaza, kwa sababu alikuwa na kazi. Sisi hatukunyamaza. Niliandika kadi kwa jina la Lukumani, kwa jina la Ghalibu, kwa jina la mteja yeyote aliyekuja kupunguziwa suruali. Nilimsalimu Abasi, nikamsalimu mkwewe, nikaisalimu pampu yake ya baiskeli. Ghalibu naye alimpigia santuri yenyewe mchana kutwa, upande wa kwanza, na ule wa pili tukauweka mpaka duka lifungwe. Mke wake alipomkimbia mwezi wa nne, akarudi kwao Kaliua, tuliona aibu wiki moja nzima, kisha tukaendelea. Na kila kadi ilimalizika kwa maneno yale yale, kwamba tunamtumia "Utamaliza Soli", akaumeze mwenyewe wimbo wake mbovu.

Kaka yangu Ghalibu, ambaye ana akili lakini huitumia mara chache ili isichakae, aliuliza siku moja, "Kwani kwa nini tusiombe wa Veneranda?"

Lukumani alimtazama kama mtu aliyeambiwa apangusie vumbi shela la bibi harusi. "Utamtumia nani wimbo ule? Ule ni kilio. Ukimtumia mtu umemwombea mabaya. Halafu Veneranda si changarawe ya kurushiana barabarani, bwana. Anayempenda anamweka moyoni."

Tukaafiki kwa kauli moja. Nililiandika kwenye daftari la vikao: Veneranda awekwe moyoni.

Mwezi wa sita habari zikaja kwamba Ndege Tatu itatoa santuri kubwa ya nyimbo kumi ya mwimbaji mmoja wa kanda yetu. Ama Maua ama Veneranda, mmoja tu ndiye atakayekwenda Nairobi. Mtu wa kampuni angefika katikati ya mwezi wa saba kutoa jibu. Lukumani hakungoja jibu. Alikata kitambaa cha buluu cha hariri alichokuwa amekificha kwa ajili ya harusi ya binti yake, akaanza kumshonea Veneranda gauni la safari.

Veneranda alikuja kupimwa mara ya kwanza siku ya Jumatano, bado ana vumbi la barabara ya Kipalapala miguuni.

"Shikamoo dada Semeni."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona umekonda?"

Alipanda juu ya kigoda, Lukumani akaanza kumzunguka na pini zake mdomoni. Akasema, akinitazama mimi, "Baba ameniletea ujumbe. Wanahamia kijiji kipya, kuvuna pamba kukiisha tu. Kila kaya inapewa shamba kwa kadiri ya watu wake, na baba amebaki yeye na mama, na mama mgongo haunyooki. Nimemwomba anisubiri mpaka mtu wa kampuni aje. Akinichagua, nitaweza kumweka mtu amsaidie. Asiponichagua narudi Choma. Na nikirudi, dada, ndiyo basi. Huko hakuna gitaa. Kuna ng'ombe tu."

"Hurudi," Lukumani akasema kupitia pini.

Veneranda akauliza, "Mna hakika watu wananipenda? Kila Jumamosi nasikiliza kile kipindi mwanzo mpaka mwisho. Sijasikia mtu kaniomba. Hata siku moja."

Kitu kilinigonga kifuani. Kilinigonga kabisa, siwezi kusema sikukihisi. Lakini Lukumani alitoa pini mdomoni akacheka kwa upole wa baba. "Binti yangu, debe tupu ndilo linalovuma. Wanaokupenda wewe si watu wa kupiga kelele."

Veneranda akacheka, akaamini. Nami nikacheka. Nalisema hili kwa sababu nimejiapiza kulisema: nilicheka, na jioni ile ile nikakaa nikaandika kadi za Jumamosi.

Hata hivyo kamati haikulala. Tuliiandikia kampuni barua, kurasa nne, wino mweusi. "Sisi mashabiki wa kweli wa muziki tunalaani kwa nguvu zote upendeleo, unyonyaji na ubeberu unaofanywa na kampuni yenu dhidi ya Ndugu Veneranda Jilala." Lukumani aliimba kila sentensi kwanza kabla sijaiandika. Sahihi tulikusanya mpaka kwa wapiga kura wa mtaa wa pili. Barua ilikuwa nzuri hata mimi ilinitoa machozi. Ili kuokoa stempu, tuliitia kwenye bahasha moja na kadi za wiki ile.

Mtu wa kampuni alifika siku aliyosema. Alishuka kwenye treni ya Mwanza asubuhi, na kabla ya saa tano akawa amesimama mbele ya baraza letu, suti ya Kaunda, viatu vinang'aa, mkononi sanduku kubwa la ngozi. Veneranda alikuwa amesimama juu ya kigoda, gauni la buluu limeshikwa kwa pini kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, Lukumani amepiga magoti chini yake.

"Hapa ndipo baraza la Ghalibu?" yule mtu akauliza. "Alhamdulillahi. Mimi naitwa Ambrosi, wakala wa Ndege Tatu kanda ya magharibi."

Lukumani aliinuka, akavaa koti lake la mwenyekiti juu ya fulana. Ghalibu alitoa kiti. Ambrosi hakukaa. Alitushika mkono mmoja mmoja kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga.

"Kabla ya kwenda popote nimeona nianzie hapa," akasema. "Kampuni imenituma niwashukuru. Ndugu zangu, tangu Mombasa hadi Kigoma, hatuna mashabiki wa Maua wanaowafikia ninyi."

Barabarani kulipita mtu anauza mkaa, tukamsikia mpaka alipokunja kona.

Ambrosi alilifungua sanduku juu ya kaunta yangu. Lilikuwa limejaa kadi, zimefungwa mafungu mafungu kwa uzi. Sikuhitaji kusogea ili kuzijua. Mtu haujui uso wake mwenyewe kama anavyoujua mwandiko wake.

"Wakubwa wamezihesabu," akaendelea. "Wimbo unaoombwa zaidi kuliko wote katika kipindi ni 'Utamaliza Soli', na nusu ya maombi yametoka kwenye baraza hili. Kwa kweli ofisini kazi yetu ilikuwa nyepesi. Maua anakwenda Nairobi mwezi ujao. Ni ninyi mliompeleka." Kisha akatoa kalenda mpya zenye picha ya Maua akionyesha mwanya, akatugawia. Moja kwa Lukumani, moja kwa Ghalibu, moja kwangu. Akamgeukia na yule binti aliyesimama juu ya kigoda, ambaye yeye Ambrosi hakuwa na namna ya kumjua, maana kampuni haikuwahi kuitia sura yake kwenye jalada lolote. "Na wewe dada, karibu," akasema, akampa kalenda.

Veneranda aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao.

Lukumani ndiye aliyepata sauti kwanza, na ilikuwa sauti ya mtu mwingine. "Ndugu Ambrosi, kuna kosa. Zile kadi hazikuwa za sifa. Zilikuwa vijembe. Tulikuwa tunamrudishia mtani wetu. Hakuna hata mmoja hapa anayeupenda wimbo ule."

"Hamuupendi?"

"Tunauchukia!"

Ambrosi alimtazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayesema amepona. "Mzee wangu, kampuni haina mashine ya kupimia nia. Mtu akiomba wimbo, ameomba wimbo."

"Na barua je?" nikasema. "Tuliandika barua. Kurasa nne."

Uso wake ukachangamka. "Ile ya ubeberu? Kumbe ni ninyi! Ilikuja bahasha moja na kadi ishirini na mbili za kumwomba Maua, mwandiko mmoja, wino mmoja. Mkurugenzi aliisoma mbele ya ofisi nzima, tukacheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Tukasema, hawa mashabiki wa Maua wana utani!"

Nilitamani chini ya kaunta pafunguke. Sikumtazama Veneranda. Nilitazama pindo la gauni lake, nikaona pini zinatetemeka.

"Huyo mwingine," akasema Veneranda. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Huyo Veneranda. Yeye ameombwa na nani?"

"Aa, upande wa pili." Ambrosi alipekua chini ya mafungu. "Sidhani kama... Ngoja. Nadhani niliiona. Ipo moja." Aliivuta kadi iliyokuwa na alama ya kidole cha grisi pembeni, akaisoma. "Inasema hivi: 'Naomba Jembe Umeniacha. Sina wa kumsalimu.' Ya mwezi wa tano. Hatukuisoma hewani, unaelewa. Kipindi ni cha salamu. Kadi isiyo na salamu tunaiweka wapi? Imetoka kwa..." akaigeuza, "Abasi, fundi baiskeli, Tabora."

Sote tuligeuka kutazama ng'ambo ya barabara. Abasi alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, amepakata gurudumu, anatafuta pancha kwenye beseni la maji. Hakujua kama anatazamwa.

"Nitoe pini, baba," Veneranda akasema.

Lukumani alijaribu. Vidole vilivyokuwa vinatunga uzi gizani havikuweza kushika hata pini moja. Veneranda alingoja kidogo, kisha akashuka kwenye kigoda hivyo hivyo. Alikuja kwenye kaunta, akaokota kadi mbili tatu, akazisoma. Ile ya pancha ya mdomo ilimchekesha, nikaona meno yake. Aliirudisha mahali pake, akaweka na kalenda juu yake.

"Dada Semeni," akaniambia, "una mwandiko mzuri."

Angenitukana ningeshukuru. Angenipiga kofi ningemshika mkono nikaubusu. Alitoka, akavuka barabara na gauni lake la buluu lenye pini, akasimama mbele ya Abasi. Tuliona wakiongea. Tuliona Abasi akivua kofia, akifuta kopo la rangi kwa tambara ili Veneranda akalie, naye akakataa. Kisha tuliona kifua chake kikipanda, mdomo wake ukafunguka.

Hapo hapo malori ya tumbaku ya Urambo yakaanza kupita, moja nyuma ya jingine, yamejaa mabunda mpaka juu, yanaelekea stesheni. Tukawa tunamwona kati ya lori na lori. Tulimwona akifumba macho. Tulimwona Abasi ameinamia gurudumu lake na mabega yanamtikisika. Hatukusikia hata neno. Tungeweza kuvuka. Ni hatua ishirini, nimezipima baadaye. Hakuna aliyethubutu kunyanyua mguu.

"Nani yule anayeimba?" Ambrosi akauliza.

"Ndiye Veneranda," Ghalibu akamjibu.

Ambrosi alisimama akitazama, sanduku limefungwa nusu. Nadhani alisikia kitu kati ya malori, maana alivua miwani. "Loo," akasema. "Sasa jamani, si mngeandika?"

Veneranda aliondoka Tabora kabla ya wiki kuisha, kwa lori la kwenda Igunga. Gauni alilirudisha kwa mkono wa shangazi yake, limekunjwa vizuri, pini zote zimechomwa kwenye karatasi moja. Lukumani alilitundika juu ya cherehani na hakulishona tena wala hakuliuza. Binti yake aliolewa kwa kitambaa cha kawaida.

Jioni ya siku ile aliyokuja Ambrosi, baada ya Ghalibu kufunga duka, nilivuka zile hatua ishirini. Nilimkuta Abasi anaosha mikono kwa mafuta ya taa. Nilimuuliza ilikuwaje mtu wa Maua akamwomba Veneranda.

"Maua ni mtoto wa dada yangu," akasema. "Nisipompigia debe mimi, dada atanila nyama. Ile ya kwanza ilikuwa debe, hizo nyingine mbili zilikuwa utani wetu na Lukumani." Aliendelea kusugua mikono. "Hiyo ya Veneranda, mke wangu alikuwa ameondoka. Nilitaka kuusikia wimbo, basi. Kaka yako hapigi upande wa pili mpaka afunge duka, na akifunga duka mimi sisikii."

"Na leo? Ameuimba wote?"

"Wote."

"Vizuri?"

Aliacha kusugua. "Ameliondoa lile jembe, Semeni. Amerudisha jina la mtu."

"Jina gani?"

Abasi alichukua tambara, akafuta kidole kimoja kimoja. "Ameniimbia mimi, si ninyi," akasema, akaanza kuingiza baiskeli ndani.

Sikumlaumu. Nilirudi ng'ambo yetu.

Miaka imepita. Maua alitoa santuri yake kubwa, na kusema kweli si mbaya. Choma watu wanasema wakati wa palizi kuna mwanamke anaongoza nyimbo shambani, na walio mashamba ya mbali husimamisha majembe wakasikiliza. Mimi sijakwenda kusikia. Barazani vijana waliokuwa wananyonya mwaka ule sasa wanabishana kuhusu Veneranda kama waliomlea: kwamba alikuwa mkubwa kuliko wote, kwamba nchi ilimkosa, kwamba Nairobi walimchinja. Santuri ya Ghalibu imechakaa upande mmoja tu, ule wa kwanza.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kikao cha kwanza baada ya yeye kuondoka. Tulikaa kimya, wajumbe wote. Gauni la buluu lilikuwa linaning'inia juu ya vichwa vyetu. Ng'ambo Abasi alikuwa anagonga spoku. Nilijua lazima mmoja wetu aseme, na nilimtazama Lukumani, nikaona midomo yake inacheza, nikafungua daftari nikiwa tayari kuandika chochote kile, hata kama kingekuwa ni jina langu.

Lukumani akasimamisha cherehani. Akakata uzi kwa meno.

"Lakini jamani," akasema, "kampuni imempendelea Maua."

Wote wakashusha pumzi. Ghalibu akasema kweli kabisa. Mwingine akasema ubeberu. Lukumani akanigeukia, macho yake mekundu yakiniomba, na mimi nikamwelewa.

"Katibu," akasema, "andika."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri.